Sanduku Lililogeuzwa Mgongo

Uligeuza uso. Usikatae, ulionekana. Siku mwanamke mzee wa kwenu alipoketishwa chini mbele ya wanaume waliokalia viti, akaulizwa macho yake yamekuwa mekundu kwa kazi gani ya usiku, wewe ulikuwa ukipita na baiskeli, na ghafla ukakumbuka mnyororo unahitaji mafuta. Ukainama. Macho mekundu! Mtu aliyepuliza kuni mbichi miaka hamsini ili wengine wale, ulitaka macho yake yawe rangi ya maziwa? Lakini hukuuliza. Basi keti usikilize habari za mtu aliyeuliza, tena hakuuliza kwa mdomo, aliuliza kwa mbao, vioo viwili vya kabati bovu na vipande vya tairi. Ni habari ya furaha, usiogope. Furaha nayo ina haki ya kusimuliwa kwa hasira.

Mtu huyo ni Simeon Ngala wa Tezo. Mwaka wa 1986 alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa misimu minne alikuwa amebeba viti, nyaya na taa katika hoteli moja ya watalii Malindi, zile hoteli ambazo mwenyeji huingia kwa mlango wa jikoni. Kila msimu hoteli ilileta mfanya mazingaombwe kutoka Ulaya, mzungu wa koti jeusi na masanduku saba yaliyosafiri kwa ndege. Alimtia msichana sandukuni, akafunga, akafungua, msichana hayumo. Wageni wakapiga meza kwa vijiko. Kisha mwenye kulitoa sanduku jukwaani ni nani? Simeon. Na nani humwonea haya mbeba mizigo? Hakuna aliyelifunika mbele yake. Siku moja alipokuwa akilipangusa vumbi aliingiza kichwa, akaona vioo viwili na kijiti katikati. Basi. Ajabu yote ya Ulaya ilikuwa imesimama juu ya kijiti.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gitau, msaidizi wa meneja, mtu wa bara asiye na kiburi ila mwenye haraka.

"Nami naweza," Simeon akamwambia.

"Unaweza nini?"

"Kumpoteza mtu."

Gitau akacheka. "Tengeneza lako. Mwezi wa saba tukifungua, nilione. Likinishangaza, Ijumaa ni yako. Lakini siri iwe siri, Simeon. Mgeni akishajua, amelipia sanduku tupu."

Masika yakaingia, hoteli ikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa nendeni makwenu mkale mnachokula. Kabla ya kwenda kwao, Simeon alipita kwa Athman, muuza samani kuukuu nyuma ya soko la Malindi.

"Shikamoo, mzee Athman."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Waoa?"

"Sioi. Nataka kabati."

"Mwanamume hanunui kabati ila ana mke au ana wazimu. Wewe una lipi?"

"Nalitaka lile la milango miwili, lenye vioo."

Athman akaligeukia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa siku nyingi. "Lile mchwa wamelila hadi vitasa. Vimesalia vioo, kwa kuwa mchwa hajajifunza kula kioo. Na hivyo vioo vina adabu, nakuambia. Vimewaona maarusi watatu na havijamsema hata mmoja."

"Hivyo ndivyo nivitakavyo. Visivyosema."

Athman alimwachia kwa bei ya kuondolewa takataka dukani, akamsaidia kuvifunga katikati ya godoro lililochakaa, akamwombea dua avifikishe vizima. Vilifika vizima.

Tezo kulikuwa na Gona, seremala wa vitanda na milango, mtu mwenye kidole kimoja kifupi na maneno marefu. Simeon alimchorea sanduku mchangani kwa kijiti. Gona alilizunguka lile umbo mara mbili, akasema ni upuuzi mtupu, akaingia ndani kuleta msumeno.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kuliko misimu minne ya hoteli. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika saa tano, nao wawili wakatoka kibandani na kazi yao. Kiwiliwili cha sanduku walikiunga kwa mbao za makasha ya majani chai, nyepesi, zilizotupwa nyuma ya duka. Wakaliwekea miguu minne mirefu, ili mtu aone chini mpaka ng'ambo asije akadai pana shimo. Katikati wakasimamisha ufito mmoja wa mkandaa, ule mti wa mikokoni. Vioo wakavifunga kwenye pembe mbili za nyuma kama milango. Ukivifungua, vinalala ubavuni, na migongo yake imevikwa kitambaa kile kile cha ukuta. Ukivivuta, vinakutana kwenye ufito, na nyuma yake panabaki nafasi ya pembe tatu ya kumficha mtu. Mtazamaji hudhani anauona ukuta wa nyuma, kumbe anaziona kuta za ubavuni ndani ya vioo. Kwa hiyo kuta zote tatu sharti ziwe rangi moja bila doa. Mzungu alikuwa na kitambaa cha mahameli. Simeon alikuwa na vitambaa vya mifuko ya unga, akavichemsha pamoja na magome ya mkandaa hadi vikawa vyekundu kama tofali.

Bawaba za chuma zililia kama paka. Gona akazing'oa, akakata vipande vya tairi, vile vya kutengenezea ndara, akavigongomea mahali pake. Kimya kabisa. Gona akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka deni la mwenziwe limesamehewa.

Walijaribu kwanza kumficha jogoo. Jogoo aliona kioo kabla hakijafungwa, akamwona jogoo mwenziwe, akaanzisha vita ndani ya sanduku. Sanduku zima likatikisika kwa miguu yake minne, manyoya yakatoka kwenye nyufa.

"Sasa hii ndiyo ya kuwaonyesha wazungu," Gona akasema, akishikilia mbavu. "Usibadilishe kitu."

Alihitajika mtu mdogo. Simeon mwenyewe magoti hayakuingia. Mke wa Gona alisema hajachoka kuonekana. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kizingitini akibandua tumbako kwenye jino aliposema:

"Mume wangu, unatafuta mke wa kutia sandukuni na mimi nipo?"

Huyo ni Hawe Kahonzi. Hawe ni bibi, mama yake baba yake Simeon. Kwa desturi ya kwao, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na wawili hao hutaniana kwa maneno ambayo mwingine akiyasema hulipa faini ya mbuzi. Alikuwa mdogo kama kikapu cha vifuu vya nazi, nywele nyeupe pee, macho yameiva kwa moshi. Nusu ya watu wa kijiji kile walitua mikononi mwake siku waliyozaliwa.

"Mke wangu, utakufa mle kwa joto."

"Niliishi na babu yako miaka arobaini. Joto gani utaniambia wewe?"

Akaingia. Akakunja miguu chini ya leso, akavuta vioo, akatoweka. Simeon alijua kila msumari wa sanduku lile, lakini alijikuta akiinama kutazama chini yake. Kisha kutoka kwenye ule utupu mwekundu sauti ikauliza kama chai iko tayari. Simeon akakaa chini, akacheka hadi machozi. Ukitaka kujua mtu hushiba lini, ni hapo.

Walionyesha mara ya kwanza Jumapili moja alasiri, penye harambee ya kumalizia darasa la shule. Darasa lenyewe lilikuwa kuta bila paa. Miaka mitatu watu walikuwa wanachangia paa, na paa lilikuwa bado linaliwa huko lilikokwenda. Simeon aliliweka sanduku kwenye kivuli cha ukuta, maana jua likigonga kioo hutupa mwanga na kuumbua kila kitu. Hawe akaingia, akapunga mkono. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa.

Ukelele uliotoka uliwarusha kunguru. Wanawake walishikana. Watoto walipita chini ya sanduku wakitafuta shimo. Simeon akafunga, akafungua tena, na Hawe huyo, anatafuna. Vifijo! Mama mmoja akapaza sauti: "Hawe, ulikwenda wapi?"

Na Hawe, kwa furaha yake, akajibu: "Nimefika Ganze. Nimekuta maji hakuna, nimerudi!"

Watu waliangua kicheko. Mzee Kahindi, mzee wa kijiji, alimuuliza Simeon imekuwaje. Simeon akaweka mkono kifuani kama yule mzungu wa koti jeusi. "Siri ya fundi," akasema.

Kosa ndilo hilo. Hotelini, mtu akiambiwa ni siri huagiza kinywaji kingine na kwenda kulala. Tezo, mtu akiambiwa ni siri huenda nayo nyumbani, na nyumbani kuna mbuzi anayeumwa, kuna shamba lisilozaa, kuna jirani. Siri ikishapata jirani haikai bure.

Jumanne habari ikaja kwamba shemeji wa Nzai, kule Ganze, alifiwa na ndama. Lini? Jumapili. Saa ngapi? Alasiri. Nzai mwenyewe alikuwa mkulima wa pale pale Tezo, mwenye nguvu na sauti, hakuwa mtu mbaya, na hao wasio wabaya ndio wa kuogopwa, kwa sababu hufuatwa. Alisema penye pombe ya mnazi, mbele ya watu wanane: "Amekiri kwa kinywa chake. Alifika Ganze akarudi. Na kama anatoweka mchana watu wakimtazama, usiku je?"

Mwishoni mwa wiki watoto walikuwa wameitwa kutoka uani mwa Hawe. Wanawake waliokuwa wakimwomba tumbako walianza kuwa nayo yao. Mtu aliyekuwa akija kwa njia ya kwake aliona mbele nyasi ndefu, akapita nyingine. Nzai alikwenda kwa mzee Kahindi kuomba baraza la Jumamosi iliyofuata, Kahonzi aseme mbele ya watu alichokipeleka Ganze.

Hapa wapo wanaosema ni maneno tu, yangepita. Hayapiti. Mwaka wa njaa, themanini na nne, tukila mahindi ya manjano ya msaada, yalianza hivyo hivyo kwa mzee mmoja jirani na pale, maneno tu, na nyumba yake ikaungua mchana, na hakuna aliyeona kiberiti. Watu mia tatu, macho mia sita, hakuna aliyeona kiberiti! Simeon alikuwa mmoja wa hao mia tatu. Alikuwa anajua.

"Ulimtia bibi yako sandukuni," Gona alimwambia, bila utani. "Sasa mtoe."

Simeon alijaribu kwanza njia ya mkato. Alimwendea Hawe, akamwambia wafunge virago waende Malindi, kuna chumba cha rafiki.

"Nikimbie?" Hawe akauliza. "Mume wangu, nikiondoka leo nimekubali. Na huyo Nzai atapata kazi ya kudumu, kila ndama akifa atatafuta bibi wa mtu. Mimi ninakaa hapa. Wewe ndiwe mwenye siri, mimi nina tumbako tu."

Akarudi kibandani, akakaa mbele ya sanduku lake. Aliliweka bayana moyoni: nusu ya wapishi na watandika vitanda wa hoteli ile walitoka Tezo, Ganze na Adu. Hila ikijulikana hapa Jumamosi, hoteli ikifunguliwa tu iko jikoni, na Ijumaa ya Gitau imekufa. Kisha akaita, "Gona, lete bisibisi. Ukuta wa nyuma tuufanye wa kufunguka."

Jumamosi darasa lisilo na paa lilijaa. Mzee Kahindi na wenziwe walikalia viti. Hawe Kahonzi aliketishwa chini, mbele yao, miguu imenyooka. Nzai akasimama, akasema ndama, akasema Ganze, akasema Jumapili. Alisema vizuri. Kila mmoja alitazama ndara zake.

"Mjukuu ana neno?" mzee Kahindi akauliza.

Simeon na Gona waliingia wamelibeba sanduku. Watu wakarudi nyuma. Simeon hakuweka mkono kifuani safari hii. Alimtazama bibi yake pale chini, akasema kwa sauti ya utani, ile ambayo desturi imempa na hakuna wa kumnyang'anya:

"Wazee, mnamsingizia mke wangu sifa asizokuwa nazo. Mwanamke huyu hata kuku wa jirani akiiba, manyoya humwota mdomoni. Ndiye wa kufika Ganze kwa dakika mbili? Yeye kufika chooni ni safari!"

Kicheko kimoja kikaponyoka nyuma, mwenyewe akakifunika kwa kiganja.

"Na wewe mume gani," Hawe akajibu, "wa kuniweka chini na viti vipo?"

Vikatoka vicheko vitatu. Mzee Kahindi akakohoa.

"Ninachoomba," Simeon akasema, "Nzai aingie humu."

Nzai akarudi hatua. "Mimi? Kwa kazi gani?"

Hawe akamgeukia. "Nzai wa Lewa, nilikupokea kwa mikono hii. Ulikuja makalio mbele, mamako akalia siku mbili. Hata leo waogopa kuingia mahali kwa kichwa?"

Sasa watu walicheka wazi, na mwanamume aliyechekwa hivyo mbele ya mkewe ana njia moja tu. Nzai akaingia. Simeon akamnong'oneza: "Kulia na kushoto pana vishikio. Vivute vikutane na ufito, ujikunje nyuma yake." Akafunga mlango. Ndani kukasikika kugonga, kuguna, na neno lisilosemeka mbele ya wazee. Simeon akafungua.

Utupu mwekundu. Nzai hayumo.

Dorcas, mkewe Nzai, akapiga yowe. "Baba watoto! Mmempeleka wapi baba watoto wangu?"

"Huenda yuko Ganze," Simeon akasema. "Jamani, Nzai naye mchawi! Mbele ya macho yenu!"

"Siyo mchawi!" utupu ukapiga kelele. "Niko hapa! Goti langu liko sikioni! Nifungulieni!"

Simeon na Gona wakalishika sanduku huku na huku, wakaligeuza mgongo kwa watu, wakaufungua ukuta wa nyuma. Na huyo Nzai, mkulima mwenye nguvu na sauti, amekunjwa kama mkeka nyuma ya vioo viwili vya kabati la Athman, jasho likimtiririka, kidevu juu ya goti. Hakuna aliyebaki na adabu yake. Mzee Kahindi alishikilia kiti. Dorcas alicheka akilia, akampiga mumewe kofi la bega, akacheka tena. Nzai alipotolewa aliangalia vioo, akaangalia watu, akacheka kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi iliyobaki.

Simeon aliwaonyesha kila kitu. Kioo hiki, bawaba hii ya tairi, kitambaa hiki kilikuwa gunia la unga. Akawaacha waguse. Watu wakapanga foleni kuingia, watoto, wanawake, hata mwalimu wa shule, na kila aliyetoweka alipigiwa makofi. Ilikuwa baraza, ikawa sikukuu. Mtu fulani alimwinua Hawe pale chini, akampa kiti cha mzee Kahindi, na mzee Kahindi hakukidai.

"Na ndama?" mzee akauliza mwishowe, maana baraza lazima lifungwe.

"Ndama wa Ganze alikufa kwa kiu," Simeon akasema, na sasa hakuwa na utani. "Kama ndama wote waliokufa kule mwaka huu. Anayetaka mchawi wa Ganze amtafute aliyekula bomba la maji. Huyo ndiye anayejua kutowesha. Sisi tuna vioo viwili tu."

Mzee Kahindi alisema baraza limekwisha. Nzai alikwenda akasimama mbele ya Hawe, akanyoosha kiganja. "Nipe tumbako," akasema. Akapewa.

Siri ilifika jikoni mwa hoteli kabla ya Simeon mwenyewe. Gitau alitikisa kichwa, akamwambia amejikata mkono wake, akamrudishia viti, nyaya na taa. Simeon alivipokea akipiga mluzi. Siku zake za mapumziko yeye na Gona walilifunga sanduku kwenye mkokoteni, na Hawe juu yake kama bibi arusi, wakaenda penye minada na harambee, na popote waliposikia mzee anasingiziwa uchawi. Walilionyesha kwanza mbele, watu wakashangaa, kisha wakaligeuza, watu wakashangaa zaidi. Simeon aligundua jambo ambalo yule wa koti jeusi hakuwahi kulionja: makofi ya pili huwa makubwa kuliko ya kwanza. Alikuwa na furaha. Ilionekana hata katika namna alivyokula.

Si kote waliwahi. Adu walifika siku mbili wamechelewa. Palikuwa na ua mtupu, kinu kimelala ubavu, na majirani wenye shughuli nyingi. Simeon aliuliza mwenye nyumba ni nani. Kila mtu alikuwa na jina la mbuzi wake, hakuna aliyekuwa na jina la mzee yule. Hawe Kahonzi alishuka mkokotenini, akakisimamisha kile kinu, wakaendelea na safari.

Na wewe? Kuna mzee huko kwenu ambaye watu wameacha kula kwake. Jina lake unalijua, limekujia sasa hivi. Usingoje baraza wala fundi wa kukutengenezea sanduku. Vaa ndara zako uende, saa hii hii, mchana mweupe, upite katikati ya watu. Piga hodi. Keti. Omba chakula, ule mpaka sahani ing'ae, unywe na maji yake. Ukitoka, pita dukani useme kwa sauti umetoka kula wapi. Usimalize kwanza ulichokuwa ukifanya. Simama. Nenda.